Mgodi wa Mwezini na Kilio cha Mama Kabange

Nakumbuka siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, tulipokuwa tukizibua mfereji wa mtaa wetu wa Naviundu. Nilikuwa nimesimama kwenye tope hadi magotini, sepetu mkononi, nikaambiwa kwamba mwezini kuna shaba. Mwanangu, usicheke bado. Ngoja nimalize, ndipo tucheke pamoja, kama bado utakuwa na hamu ya kucheka.

Niliambiwa kwamba shaba ya mwezini haikujificha chini kama hii yetu. Imelala juu ya ardhi, imeanikwa kama mihogo. Niliambiwa kwamba wale Wazungu waliokuja kurusha roketi kaskazini ya mkoa wetu wa Shaba, kwenye uwanda wa juu unaotazama mto Luvua, hawakuja kuhesabu nyota. Walikuja kutengeneza barabara. Barabara ikikamilika utafunguliwa mgodi mwezini, na wachimbaji watatoka wapi kama si Lubumbashi? Dunia nzima nani anaijua shaba kutushinda sisi?

Nikaamini. Na sikuamini nusu nusu, kama mtu anayeonja mboga kwa ncha ya kidole. Niliamini kwa mifupa yote, na mifupa ya wakati ule ilikuwa migumu kama reli.

Aliyeleta habari ni rafiki yangu Tshibangu, fundi wa redio. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa, na kwa sababu alishinda kutwa na redio tumbo wazi mezani, sisi tulidhani kila lililopita hewani lilipita kwanza kwake.

"Kule hapana kuchimba, Baba Ilunga," aliniambia, ameegemea sepetu lake. "Ni kuinama tu, unaokota, unaweka mu kitunga."

"Na nyumba ya kulala?"

"Kampuni gani inafungua mugodi bila kujenga kambi? Matofali itapanda na ile ile roketi."

"Na posho ya bunga?"

"Kila mwanzo wa mwezi."

Mzee mmoja aliyekuwa akichota tope nyuma yetu akauliza, "Mwezi gani tena, na nyie mutakuwa ndani ya mwezi?" Mfereji mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona nyumba yangu kule juu, ya matofali, bati jipya, mlango unatazama dunia.

Ili unielewe, mwanangu, lazima ujue mji wetu ulivyokuwa. Miaka ile mtu aliyeandikwa kazi ya shaba hakupata kazi tu, alipata maisha. Alipewa nyumba, watoto wake wakapewa shule, mkewe akijifungua anapokelewa hospitali ya kampuni, na unga unaletwa kwenye gunia. Sisi wengine tulipita nje ya ua wa kambi tukinusa. Mimi nilikuwa fundi mbao, natengeneza vitanda na majeneza, na jioni nilisoma shule ya watu wazima hadi nikapata cheti changu. Kwa cheti kile nilikwenda kuomba kazi ya mgodi. Daktari akanipima, akaniambia kifua changu ni kifupi. Kifupi, mwanangu! Mimi niliyekuwa nikibeba mbao za mvule peke yangu, huku nikipiga mluzi! Tangu siku ile nilikuwa mtu wa kungoja. Mwezi ulikuwa mahali pekee ambapo nilikuwa sijakataliwa.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Langu lilishiba wiki nzima. Nilitangaza kazini, nilitangaza kanisani, nilimtangazia hata muuza makaa aliyekuwa anapita na baiskeli, hadi akashuka. Mke wangu, Mama Ilunga, alinisikiliza huku akichambua sombe, majani ya mihogo tunayolia bukari, ugali wetu.

"Na bukari nani atakusongea kule?"

"Nitasonga mwenyewe."

"Huku chini hauyue kusonga, njo utayua kule juu?"

Tukacheka sote wawili. Lakini nyumbani mwetu alikuwamo mtu wa tatu ambaye hakucheka, na yeye ndiye sababu ya maneno haya yote.

Mama Kabange alikuwa dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Kwetu huyo ni mama, hatusemi shangazi wala jina lingine lolote. Alitufikia mwisho wa mvua, juu ya lori la samaki wakavu, na mkeka mmoja na chungu kimoja. Alikuwa mjane. Kwao kaskazini mjane huvaa nguo nyeusi na kamba nyeusi shingoni, hampi mtu mkono, hapiki chungu cha watu wengine, hanyoi. Na husema kwa sauti ya chini, hapingi neno la mtu. Ukimwambia jua linatoka Kasenga, mashariki, atakuitikia. Ukimwambia linatoka Kolwezi, magharibi, atakuitikia vilevile. Kifo kimekaa mdomoni mwake, kwa hiyo analinda watu wengine na mdomo wake.

Hali hiyo si ya milele. Msimu wa kilio ukitimia, ndugu wanapika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, wanampeleka mjane kaburini, wanakimwaga pale mumewe alipolala, wanakata ile kamba, wanamnyoa. Anatoka pale amekuwa mtu tena. Bila kaburi hakuna kumwaga, na bila kumwaga kamba haikatwi.

Sasa sikiliza. Kaburi la mume wa Mama Kabange lilikuwa kwenye uwanda ule ule, uwanda wa roketi.

Nililijua hilo. Ndiyo, nililijua, na badala ya kuninyamazisha likanipa maneno zaidi. Niliona ukoo wetu umepata bahati isiyo na mfano: barabara ya kwenda mbinguni inaanzia shambani kwa mama yangu! Watakapoandika watu wa kazi, si wataanza na wenyeji? Jioni nilivuta kigoda karibu na mkeka wake, nikamuuliza kama mtoto anayeuliza habari za sarakasi.

"Mama, uliona roketi?"

"Tuliona malori."

"Na baadaye?"

"Baadaye bantu ba serikali balikuja, banasema tuvuke ng'ambo ya mto. Tukavuka."

"Lakini moto wake? Banasema inapiga kelele sawa radi mia!"

"Labda," alisema. "Mihogo tuliiacha mu udongo."

Nikamwambia asisikitike, mihogo itaota mingine, na jina la kijiji chake litasomwa redioni hadi Ulaya. Akaitikia. Mjane hapingi.

Msimu wa kilio ulipotimia, familia ilinichagua mimi nimpeleke ofisi ya serikali kuomba ruhusa ya kufika kaburini, hata kwa nusu ya siku. Nilichaguliwa kwa sababu ya Kifaransa changu. Na kweli, mwanangu, Kifaransa cha shule ya jioni kilikuwa kimenijaa hadi kinamwagika masikioni. Nilipiga pasi abakosti yangu, lile koti lisilo na tai ambalo kila mtu mwenye heshima alivaa enzi zile, nikatangulia mbele. Mama Kabange alinifuata nyuma, mkono umeshika kamba ya shingoni.

Karani alikuwa kijana wa umri wangu, kola yake ngumu, na macho yake kama ya mtu aliyekuja kutazama senema. Nilianza kwa kuisifu roketi. Nilisifu sayansi, nikalisifu taifa, nikausifu mwezi wenyewe. Ombi la kaburi nililitia mwishoni, kama mtu anayeweka chumvi baada ya watu kumaliza kula.

"Kule hakuna kupita, sitwayeni," alinijibu. Hivyo ndivyo tulivyoitana wote wakati ule, sitwayeni, raia. "Pamefungwa."

"Hadi lini?"

"Hadi watakapofungua."

Hapo, mwanangu, palikuwa mahali pa kusimama. Palikuwa mahali pa kusema: huyu mama ana kamba shingoni. Mimi nikaegemea meza, nikanong'ona, "Na ile kazi ya mwezini, wataanza kuandika watu lini?"

Karani alimtazama mwenzake wa meza ya pili. Mwenzake akainama haraka, kama aliyeangusha kalamu.

"Karibuni," karani alisema, uso umekauka. "Wewe leta mablanketi mawili. Kule baridi ni kali sana."

"Mawili?"

"Moja la kutandika."

Nilitoka pale sikanyagi chini. Barabarani Mama Kabange akaniuliza, kwa sauti ile ya mkekani, "Alisema nini?"

Nikamwambia habari ya mablanketi. Habari ya kaburi nilimwambia tulipokuwa tumekwisha kuvuka njia ya reli.

"Aa," alisema.

Nilipata blanketi moja, zito, la rangi ya kijivu, kutoka kwa tajiri wangu wa useremala. La pili nilikuwa bado nalitafuta wakati mambo yalipogeuka.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati Lubumbashi inapokuwa na baridi ya asubuhi inayouma vidole na moshi wa kiwanda unalala chini badala ya kupanda. Nilikwenda kuloweka mbao kwenye mto Naviundu, unaopita nyuma ya nyumba yetu, Mama Kabange akaja nyuma yangu na chungu chake. Alisimama akitazama maji yanavyopita. Tangu aingie nyumbani kwangu hakuwahi kuniuliza swali, ukiacha lile la barabarani tulipotoka ofisini. Siku ile aliuliza la pili.

"Mayi ya huku inaenda wapi?"

Sasa hapo alikuwa amegusa mahali pangu. Mwalimu wetu wa shule ya jioni alikuwa na ugonjwa wa mito. Hatukwenda nyumbani mpaka tuichore yote kwa kichwa, na aliyekosea alirudi ubaoni hadi taa ya mafuta ikazima. Nikaokota kijiti, nikachora kwenye mchanga. Nikamwonyesha maji haya ya Naviundu yanavyoshuka hadi Kafubu. Kafubu unakwenda mashariki, unaingia Luapula. Luapula unapanda kaskazini, unapita Kasenga, unaingia ziwa la Moero. Nikataka kuishia hapo, kwa kuwa mbao zilikuwa zinaningoja.

"Na mu ziwa inatoka?"

"Inatoka, mama. Inatokea ng'ambo ya pili, inaitwa..."

Kijiti kikasimama mkononi mwangu.

"Inaitwa nini?" aliniuliza.

"Luvua."

Mama Kabange alichuchumaa. Aliupitisha mkono wake juu ya mchoro wangu, bila kuugusa, kutoka pale tulipokuwa hadi kule juu. Luvua ndio mto waliovushwa. Luvua ndio unaopita chini ya uwanda, chini ya mihogo yake, chini ya mumewe.

"Rudilia," alisema. "Polepole."

Nikarudia. Naviundu, Kafubu, Luapula, ziwa, Luvua. Akanifanya nirudie tena, na midomo yake ikafuata. Mwanangu, nilikuwa nimesema Kifaransa kingi maishani mwangu, lakini sidhani kama niliwahi kusema maneno yenye kazi kabla ya yale matano. Nilikuwa na cheti ukutani na macho yamefungwa mwezini, kumbe dawa ya mama yangu ilikuwa inapita nyuma ya nyumba, mimi nikiloweka mbao ndani yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu utoto, na kujua methali ni kama kuwa na mwavuli nyumbani huku mvua imekukuta njiani.

Tulituma neno hadi Kasomeno kwa yomba wangu, mdogo wao Mama Kabange na mama yangu, yaani mjomba kama wasemavyo watu wa pwani, tukauliza kama munkoyo unaweza kumwagwa mtoni. Alifikiri, akauliza wazee wenzake, wakakubali: kama maji yanafika, kilio kinafika. Akaja na mizizi ya munkoyo kwenye kikapu. Mama Ilunga akachemsha mahindi, na akina mama wa jirani wakasaidia kuchuja.

Asubuhi ile tulishuka mtoni wachache tu. Tshibangu alikuja na hakusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza mkubwa kuliko roketi zote za dunia. Yomba alishika chungu, akaita jina la marehemu, akasema, "Shemeji, njia ya kwako banaifunga. Tunapita huku. Pokea, umuachilie bibi yako." Akamwaga. Munkoyo ulibaki mweupe kidogo juu ya maji, ukajikunja, ukaenda na mkondo. Tuliutazama mpaka ukageuka rangi ya mto.

Kisha akakata kamba. Akamnyoa kwa wembe mpya, na nywele akazitupa majini zifuate. Mama Kabange alikuwa anatetemeka, kichwa kitupu kwenye ubaridi ule. Mke wangu alikimbia nyumbani, akarudi na kitu cha kwanza kilicho kizito alichokiona, akamfunika kuanzia kichwani. Lilikuwa blanketi langu la mwezini.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, mimi, kwa ujinga wangu uliokuwa haujafa wote, nikataka kumchangamsha. Nikasema, "Mama, blanketi hiyo utanirudishia siku batakapotuandika kazi kule juu."

Akasimama. Akageuka. Na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake, sauti kubwa, ya mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, sasa niko na ruhusa ya kupinga. Basikilize na wengine. Muntu mwenye kutafuta bantu ba kazi, anafukuza bantu? Kama balikuwa na lazima ya bantu kule juu, bangeanza na sisi tulikuwa pale chini. Hata mahali ya roketi kutokea haikuwa na nafasi yetu. Njo ikuwe na nafasi yako kule inaenda?"

Tshibangu alitazama viatu vyake. Yomba akakohoa. Na mimi, ndani ya kifua changu kile kifupi, nikaisikia nyumba yangu ya matofali ikibomoka polepole, bila vumbi.

Akaniwekea mkono kichwani, mkono ambao sasa uliruhusiwa kumgusa mtu, akasema kwa upole, "Haiko mubaya kutazama mwezi. Hata baba yako mukubwa, bwana yangu, alikuwa anautazama. Lakini alikuwa anautazama akiwa kwake."

Haya. Yaliyofuata ni mafupi. Tulisikia kwamba chuma kimoja kilipanda, kikayumba, kikarudi chini. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, nasi tulimngoja. Baadaye Wazungu wale walifunga mizigo yao wakaenda. Hakuna mtu wa Lubumbashi aliyeandikwa kazi. Mwezi ulibaki palepale, haukuuliza tumekwenda wapi. Njia ilipofunguliwa Mama Kabange alirudi kwake, akakuta shamba limekuwa pori, akalianza upya na jembe. Alitutumia kikapu cha mihogo mikavu. Lile blanketi hakulirudisha, wala mimi sikuliuliza.

Leo, mwanangu, nakuona unavyokaa mbele ya televisheni, moto unawaka chini ya chombo kirefu, watu wanapiga makofi, na macho yako yanang'aa kama yangu mferejini. Sikukatazi. Binadamu asiyeinua macho amekuwa kuku. Ila nakuusia jambo moja, nalo nililipata kwa hasara ya mtu mwingine. Kila kinachopanda kimesimama kwanza juu ya ardhi, na ardhi ile ina mwenyewe. Kabla hujapiga makofi, uliza nani alisogezwa, alisogezwa hadi wapi, na aliacha nini udongoni. Kama hujui pa kuuliza, anza na mtu aliyenyamaza ndani ya nyumba yako. Huenda hanyamazi kwa kukosa neno. Huenda ana kamba shingoni, anangoja mtu wa kumsaidia kuikata, na wewe ndiye uliyesoma. Elimu uliyopewa itazame mbali, sawa, lakini ijue pia mto unaopita nyuma ya nyumba unakwenda wapi.

Mungu akupe macho marefu na miguu ya adabu. Akupe kazi ambayo haikumwondoa mtu kwake. Ukilia, akupe ndugu wa kukufunika blanketi asubuhi ya baridi. Na chochote utakachomwaga kwa ajili ya wapendwa wako, hata njia zote zikifungwa, kifike.